Uzi, Boksi na Amplifaya: Sikio la Mpiga Besi

Uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi, ukicharazwa bila kubanwa, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Unaofuata hutetema mara 55, wa tatu mara 73, na ule mwembamba mara 98. Sauti inayotetema mara 41 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita nane. Sasa fikiria baa yenye jukwaa la kona, meza kumi, na ukuta wa pili ulio hatua chache tu kutoka hapo: mpiga besi anatoa sauti iliyo ndefu kuliko chumba anachopigia. Ndiyo maana aliyeketi ukutani husikia mngurumo mzito, huku wa katikati ya ukumbi akilalamika kwamba besi haisikiki. Wote wawili wanasema kweli.

Ninawastahi sana wanaoifanya kazi hii vizuri, na heshima yangu huanza kabla hawajapiga noti ya kwanza. Mcharaza solo akikosea kuchagua vifaa, vidole vyepesi vinaweza kumwokoa. Mpiga besi hana ahueni hiyo. Akifunga nyuzi zisizoufaa muziki wa bendi yake, au akichomeka boksi lisiloendana na amplifaya, wimbo mzima huyumba, na wachezaji wakarudi kwenye viti bila kujua kilichowatoa uwanjani.

Tuanze na uzi, kwa sababu hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ndani yake kuna waya wa chuma ulio kiini, na juu yake umezungushiwa waya mwingine, wakati mwingine tabaka mbili au tatu. Waya mmoja mnene mtupu ungekuwa mkakamavu mno na usingelia sawasawa. Kuzungushia kunauongezea uzito huku ukibaki na unyumbufu wake. Tofauti kubwa inatokana na umbo la ule waya wa nje. Ukiwa wa mviringo, uzi huwa na mifereji midogo, hulia kwa mng'ao, noti hudumu, na kidole kikiteleza husikika kikikwaruza. Ukiwa bapa kama utepe, uzi huwa laini mkononi, sauti yake ni nzito, ina joto, na hufa mapema. Hapa nitaziita nyuzi za raundi na nyuzi bapa.

Unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi. Seti ya kawaida ni 45, 65, 85 na 105, maana yake uzi wa chini una karibu milimita 2.7. Nyuzi nne zikishakazwa huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Kwa hiyo anayebadili seti nyembamba kwa nene hajamaliza kazi kwa kuzifunga tu. Shingo itapinda, kile chuma kilichofichwa ndani yake kitataka kurekebishwa, na vipande vya daraja linaloshikilia nyuzi vitasogezwa kidogo kidogo hadi noti ya juu ikubaliane na ya chini. Anayeijua kazi hufanya hivyo taratibu. Huipa shingo muda itulie, kisha hurudi kupima tena.

Mtu aliyenifanya niuone uzi kuwa nusu ya kipaji cha mpigaji ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit akiwa kijana, akajifunza dabobesi, lile besi kubwa linalopigwa likiwa limesimamishwa, shuleni. Baadaye akawa nguzo ya kampuni ya muziki ya Motown, akirekodi katika nyumba ya West Grand Boulevard, ndani ya chumba ambacho wanamuziki walikiita Snakepit. Gitaa lake mashuhuri lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962. Alilifunga nyuzi bapa nene za La Bella, 52 hadi 110, na chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na sponji iliyozigusa na kuzizima kidogo. Alicharaza kwa kidole cha shahada peke yake. Nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike.

Wengi husimulia habari hiyo kama ajabu ya fundi mkaidi. Mimi naiona kuwa uamuzi wa mtu aliyesikiliza kwa makini. Uzi uliochakaa umepoteza sauti ndogo ndogo za juu, na kinachobaki ni kishindo cha mwanzo na mwili mfupi wa noti. Sikiliza jinsi Jamerson alivyocheza: noti nyingi, zinazopanda na kushuka, zinazoruka pigo na kurudi kulidaka pale usipotarajia. Ungezipiga noti hizo zote kwa nyuzi mpya za raundi, kila moja ingeendelea kulia juu ya mwenzake, na mwimbaji angezama. Zile nyuzi zilizokufa ndizo zilizompa ruhusa ya kusema mengi bila kumkatiza mtu. Kwa muda mrefu majina ya wanamuziki kama yeye hayakuchapishwa kwenye majalada ya Motown, hadi ilipotoka albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, mwaka 1971. Mamilioni walikuwa wameshacheza kwa kidole chake bila kujua jina la mwenye kidole.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, John Entwistle wa kundi la The Who alikuwa na shida tofauti kabisa. Kundi lao lilikuwa na gitaa moja tu zaidi ya besi, na mpiga dramu, Keith Moon, aliyejaza kila nafasi kwa mapigo. Kilichohitajika hapo ni besi inayolia kama kinanda, yenye noti ndefu na kali, ili kuziba pengo ambalo gitaa la pili lingeliziba. Mwaka 1966 alifanya kazi na James How wa kampuni ya Rotosound nchini Uingereza, wakapata nyuzi za raundi zenye mng'ao aliokuwa akiutafuta. Jamerson na Entwistle wasingeweza kubadilishana nyuzi hata kwa wimbo mmoja, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa bendi aliyosimama nayo.

Hapo ndipo penye somo kwa muziki wetu wa dansi. Bendi ya rumba ina gitaa la solo, la pili na la ridhimu, mara nyingi na tarumbeta na saksafoni juu yake. Sehemu ya juu ya sauti imejaa watu. Chukua wimbo Sina Makosa wa bendi ya Les Wanyika, ambao besi yake ilipigwa na Tom Malanga. Tangu Nairobi hadi Bujumbura wapo watu wasiojua shairi lake lote lakini wanaweza kuimba besi yake kwa mdomo. Anatembea, anasimama, anaacha hewa ipite, kisha anarudi. Magitaa yanapata nafasi ya kusokotana kwa sababu mtu wa chini hakuyabana.

Jambo moja linanistaajabisha kila nikiusikia wimbo huo. Wengi wetu tuliupokea kupitia redio ndogo za mkononi, ambazo spika zake haziwezi kabisa kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Hata hivyo besi tuliisikia. Kila noti huja na ndugu zake wa juu, mara mbili na mara tatu ya mitetemo yake, yaani 82 na 123. Sikio likiwapata hao, linaijenga lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo mpiga besi mzuri haendi kuzima sauti za juu zote kwa imani kwamba besi ni uzito tu. Huacha kiasi cha ukali, ili redio ya muuza mihogo nayo ipate chake. Motown walilijua hilo, na walizijaribu nyimbo zao kwenye spika ndogo kama za redio za magari kabla ya kuzitoa.

Turudi kwenye nyuzi: pwani yetu ina adui wake. Hewa ya chumvi na jasho la ukumbi usio na feni huzila nyuzi upesi, hasa za raundi, kwa kuwa uchafu hujificha kwenye mifereji. Kitambaa kikavu kila baada ya onyesho ndiyo dawa ya kwanza. Wapigaji wa sehemu nyingi duniani huzichemsha nyuzi kuukuu ili mafuta ya vidole yatoke. Mng'ao hurudi kweli, ila kwa muda mfupi. Kwa anayepiga Tanga au Mombasa kila mwisho wa juma na hana fedha za seti mpya kila mara, nyuzi bapa ni chaguo ambalo ningelitetea popote. Bei yake mwanzoni ni kubwa, lakini zinadumu, na zinakaa vizuri sana chini ya magitaa matatu.

Amplifaya ndicho kifaa kinachosifiwa kuliko stahili yake. Wanunuzi huhesabu wati, ilhali kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli tatu tu, nyongeza inayosikika lakini haishangazi. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi. Ni kweli besi inataka nguvu zaidi kuliko gitaa la kawaida, maana masikio yetu ni mazito kwa sauti za chini. Kampuni ya Ampeg ilipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969 iliipa wati 300 na vali 14, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na Rolling Stones wakaitumia kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huohuo. Ilikuwa mashine ya kubebwa na watu wawili. Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa B-15 mwaka 1960, yenye wati 25 hivi na spika moja ya inchi 15. Hiyo ndiyo Jamerson aliyoitumia kwenye vilabu. Studioni, mara nyingi gitaa lake lilichomekwa moja kwa moja kwenye mtambo wa kurekodia.

Vali zina utamu wake. Zikisukumwa hulainisha kilele cha sauti badala ya kukikata ghafla. Pamoja na hayo, sioni sababu ya mpiga besi anayekwenda kazini kwa daladala kuhuzunika kwa kuzikosa. Amplifaya za kisasa zenye kilo mbili au tatu hutoa mamia ya wati na huingia kwenye begi la mgongoni.

Boksi la spika ndilo linalopuuzwa, na ndilo lenye sauti nyingi iliyojificha. Wengi huamini kwamba spika ya inchi 15 lazima ishuke chini kuliko za inchi 10. Sivyo. Kinachoamua ni spika yenyewe pamoja na ujazo wa boksi, na kama limezibwa kabisa au lina tundu lililopimwa. Spika nne za inchi 10 zina eneo kubwa kuliko moja ya inchi 15, karibu mara moja na robo tatu. Lile boksi kubwa la SVT lina spika nane za inchi 10 na limezibwa, kwa hiyo besi yake ni kavu na inashika pigo. Boksi lenye tundu hutoa mngurumo mwingi zaidi kwa wati zilezile, ila lisipopimwa sawasawa hung'ang'ania noti moja na kuisahau nyingine.

Maseremala wetu mijini wanayachonga maboksi haya, na wapo wanaoyachonga kwa ustadi wa kweli. Utamwona fundi akigonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao unaotetema unakula nguvu iliyopaswa kwenda ukumbini, kwa hiyo anaongeza mhimili ndani, anaziba kila upenyo kwa gundi, anafunga spika kwa boliti badala ya misumari. Mpelekee vipimo vya mtengenezaji wa spika, hasa ujazo unaotakiwa. Bila hivyo atakuchongea sanduku zuri la kutazama.

Kuna hesabu moja isiyo na mzaha. Maboksi mawili ya omu 8, kipimo cha ukinzani wa umeme, yakiunganishwa sambamba huipa amplifaya omu 4. Ukiongeza la tatu unashuka chini ya 3, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 4 itapata joto, kisha itazimika au kuungua. Ya vali ina hatari nyingine: usiiwashe ipige bila spika, kwa kuwa transfoma yake inaweza kufa. Mara nyingi mipaka hii huandikwa nyuma ya kifaa, na anayejali huyasoma kabla ya kuchomeka.

Baada ya yote hayo bado kuna ukumbi. Mtazame mpiga besi makini akifika mapema. Anaweka boksi sakafuni karibu na ukuta, anapiga noti chache, anasikia jukwaa la mbao likivuma kwa chini, analiinua boksi juu ya kreti. Anamwachia mwenzake gitaa, anashuka, anatembea hadi mlangoni, kwa sababu anajua kwamba aliyesimama mita moja mbele ya spika ndiye asiyejua kinachosikika mlangoni. Anarudi na kupunguza kitu. Mara nyingi ni kupunguza.

Kwa kijana anayeanza na fedha kidogo, ushauri wangu ni huu: nunua nyuzi nzuri kwanza, kisha boksi, amplifaya iwe ya mwisho. Na kwa wenye bendi na wenye kumbi, ninawaomba jambo lisilogharimu shilingi: kabla ya kujaribu maikrofoni za waimbaji, mpeni mpiga besi na mpiga dramu robo saa ukumbini peke yao.