Mkono Unaojizuia

Mtu akikohoa damu huku Gonja, cha kwanza kushukiwa ni kifua kikuu, na ndivyo inavyotakiwa. Makohozi yapimwe, picha ya kifua ipigwe. Lakini wapo wachache ambao makohozi yao ni safi, picha haina kitu, na damu inarudi vilevile. Hao hupewa rufaa: Kisiwani, Same, mpaka Moshi, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ninayetaka kumsifu ni daktari bingwa anayempokea mgonjwa wa namna hiyo, na hasa mkono wake pale unapojizuia.

Kamera nyembamba ikishapita koo na kuingia kwenye njia ya hewa, anakiona kinundu cha milimita chache, laini, kimefunikwa na utando usio na kidonda. Ukikitazama utasema ni uvimbe unaoanza. Mazoea yanamwambia akate kinyama kipelekwe maabara. Akikikata, kumbe ni mshipa, damu itafoka, na njia za hewa za mtu mzima hujaa kwa mililita 150 hivi, chini ya kikombe cha chai. Mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi kabla hajaishiwa damu.

Hitilafu hii ya mshipa inabeba jina la Georges Dieulafoy, Mfaransa aliyeieleza tumboni mwaka 1898; ya mapafuni iliandikwa karibu karne moja baadaye, 1995. Sisi wenye ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, hatupati tabu kuielewa. Maji ya bwawa hugawanywa mfereji hadi mfereji, yakifika shambani yamepoa. Ateri nazo hugawanyika hivyo hivyo, ila huu ni mshipa uliokataa kugawanyika, ukafika chini ya utando na unene wake wote.

Kwa hiyo daktari anayeijua kazi hutazama kwa muda mrefu. Kinundu kinapigapiga? Mara nyingi hakipigi, na hapo wengi wameteleza. Utando unaokizunguka ni mzima? Mgonjwa hajakonda, hana homa, ana damu tu? Akishuku, anaitoa kamera bila kukata chochote na kuagiza CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Ndugu waliosubiri nje wanaweza kudhani hakuna kilichofanyika. Mimi naona pale ndipo ubingwa wake ulipo.

Mshipa ukithibitika, mrija huingizwa pajani na kufuata ateri hadi penye hitilafu, mpaka pazibwe. Chuo kikuu cha MUHAS, Dar es Salaam, kilianza kufundisha ubingwa huo mwaka 2019. Hata hapo mkono husita, maana kwa baadhi ya watu ateri inayolisha uti wa mgongo huchipuka kwenye shina hilo hilo; chembe za kuzibia zikipotelea huko, mtu ataamka amepooza.

Lakini ufundi huu haukai Moshi na Dar es Salaam peke yake. Upo hata mikononi mwa nesi wa huku kwetu. Chukua mtoto aliyezaliwa mzima. Akifika mwezi mmoja au miwili anaanza kutoa mlio kila anapovuta pumzi. Anatibiwa kama mwenye uvimbe wa koo wa virusi, anapewa steroidi, anatulia, mama anashukuru. Wiki haijapita, mlio umerudi. Steroidi hupunguza pia uvimbe wa mishipa ya damu uliojificha chini ya kikoromeo, ndiyo maana inahadaa. Takriban nusu ya watoto hao wana alama nyekundu ngozini, na inayotisha zaidi ni ile ya kidevuni, midomoni au shingoni. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hufifia. Nesi inabidi amsogeze mtoto dirishani, ainue kidevu, afunue mikunjo ya shingo.

Nesi akiiona alama hiyo, aiandike kwenye barua ya rufaa, na aandike pia kwamba mtoto alitulia kwa steroidi kisha akarudi. Daktari wa koo akiisoma ataingia na kamera akijua asichopaswa kukata. Na dawa ipo: tangu madaktari wa Bordeaux watoe taarifa yao mwaka 2008, uvimbe huu hutibiwa kwa propranololi, dawa ya zamani ya presha, mtoto akiwa chini ya uangalizi.