Mgongo wa Turubai

Sisi wengine tukiingia jumba la sanaa hutazama uso wa picha. Mtafiti wa historia ya umiliki huomba igeuzwe. Nyuma ndiko kwenye habari zake: vibandiko vya maonyesho, namba za stoo zilizoandikwa kwa chaki, mihuri ya forodha, matundu ya misumari ya fremu iliyoondolewa. Pengine hukuta baka la gundi tu, mahali palipobanduliwa kibandiko, na hapo hukaa zaidi kuliko penginepo. Nani alikibandua, na kwa nini?

Naiheshimu kazi hii. Kama wanazuoni wa hadithi wanaouliza fulani kasikia kwa nani, na je, kweli walikutana, mtafiti huyu hufuata picha toka mkono hadi mkono mpaka afike kwa mchoraji. Risiti, barua, wosia, katalogi za minada, vyote husomwa. Pasipo na ushahidi, fundi wa kweli huacha pengo. Binafsi, orodha ya wamiliki isiyo na pengo hata moja hunitia shaka.

Chukua picha ya Francis Bacon ya mwaka 1969, Three Studies of Lucian Freud. Ni turubai tatu, kila moja karibu mita 2 kwa kimo, na katika kila moja mchoraji mwenzake, Freud, ameketi kwenye kiti huku nyuma yake kukiwa na rangi ya manjano. Zilionyeshwa pamoja Turin mwaka 1970. Katikati ya muongo huo zikauzwa mbalimbali, kila moja ikashika njia yake. Bacon alichukizwa, kwake moja bila mbili nyingine haikuwa na maana. Kwa mtafiti, faili moja likawa matatu, na kila moja lina wenye mali wasiopenda kutajwa. Mkusanyaji mmoja wa Roma ndiye aliyezitafuta hadi akazikutanisha tena. Novemba 2013, mnada wa Christie's jijini New York uliziuza kwa dola milioni 142.4, bei ambayo hakuna kazi ya sanaa iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Mnunuzi alikuwa Elaine Wynn wa Marekani. Alipofariki mwaka 2025, aliziachia jumba la makumbusho la LACMA, Los Angeles, turubai hizo zote tatu.

Lakini aliyeonyesha uzito wa utafiti huu wa umiliki kuliko wote alikuwa tapeli. Katika miaka ya 1980 John Myatt, mwalimu wa sanaa huko Staffordshire, Uingereza, alitangaza jaridani kwamba huchora picha za kuiga kwa pauni 150. Tapeli mwenyewe, John Drewe, akampa kazi. Myatt aliiga wasanii Ben Nicholson, Giacometti na wengineo, picha kama 200, akitumia rangi ya kupakia kuta iliyochanganywa na jeli ya kulainishia. Jeli! Na wajuzi wakanunua.

Walinunua kwa sababu ya karatasi. Drewe alijua kwamba mwenye pesa husoma nyaraka kwa makini zaidi kuliko anavyotazama picha. Akalichangia jumba la sanaa la Tate, London, pauni 20,000, akafunguliwa mlango wa hifadhi yake ya nyaraka, na humo akapenyeza katalogi na fotografia za kughushi. Wengi wanaoghushi hubuni kitu kipya. Huyu alikwenda kubadilisha yaliyopita kwenye kabati yanamotunzwa.

Aliyemkwamisha ni Mary Lisa Palmer wa Paris, aliyekuwa akishughulikia kazi za Giacometti. Picha ya mwanamke aliye uchi iliyotajwa kuwa ya Giacometti aliikataa, japo nyaraka zake zilikuwa timamu. Hakutosheka kusema jicho lake limeikataa. Alikwenda London kuzikagua nyaraka zenyewe, na msimamizi wa hifadhi ya Tate, Jennifer Booth, naye alikuwa ameanza kumtilia shaka mfadhili yule.

Mwaka 1999 Drewe alihukumiwa miaka 6, Myatt mwaka 1. Zaidi ya nusu ya picha zile hazijapatikana. Ziko kwenye kuta za watu, na stakabadhi zake ziko droo ya chini, hazina doa. Ndiyo maana anayefungua leo katalogi ya maonyesho ya miaka ya 1950 ana sababu ya kuangalia kwanza kama uzi wa jalada ni ule ule ulioshonwa kiwandani, au umefumuliwa ili kupenyeza kurasa za uongo.