Jabali Halina Mteremko Mmoja

Mtu wa Nyakato hahitaji kuelezwa jabali ni nini. Musoma imejaa majabali ya granaiti, hasa ukikaribia ziwa. Lakini muulize mteremko wa jabali ni kiasi gani, na hata mhandisi atakwama, maana swali lenyewe halijakamilika. Mteremko wa kuelekea wapi?

Dume la mjusi wa majabali, yule mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, akiwa palepale alipo anaweza kupanda, kushuka, au kupita ubavuni bila kubadili kimo.

Wanahisabati wana ufundi wa kulimaliza hilo: zuia kimoja, achia kingine. Tuseme kimo cha jabali ni 9 − x² − 2y², x ikielekea mashariki na y kaskazini, zote kwa mita. Simama penye x = 1 na y = 1; kimo ni 6. Sasa y isicheze. Ni kama kupitisha kisu kwenye mkate: penye mkato linabaki tao la kawaida, 7 − x², ambalo mwanafunzi wa kidato cha tano analiweza. Tanjenti inayoligusa hapo ina mteremko wa −2. Geuza kisu, x ndiyo itulie: unapata −4.

Hizo namba mbili zinatosha kwa pande zote, na hapo ndipo ninapoivulia kofia hesabu hii. Elekea mashariki 2 na kusini 1: (−2 × 2) + (−4 × −1) = 0. Hiyo ndiyo njia ya ubavuni. Ukitaka mshuko mkali kuliko wote, elekea mashariki 1 na kaskazini 2. Njia hizo mbili hukatana kwa pembe mraba. Sharti uso uwe laini, kwani penye ufa hakuna tanjenti ya kuchora, na granaiti haikosi nyufa.

Alama ya kazi hii, ∂, Legendre wa Ufaransa aliitumia mwaka 1786 kisha akaiacha. Jacobi wa Ujerumani akaifufua mwaka 1841.

Kileleni miteremko yote miwili ni sifuri. Ila hata kwenye bonde dogo linalounganisha vilele viwili huwa sifuri vilevile. Kwa hiyo, mwanafunzi, ukipata sifuri mbili usitangaze bado kwamba umefika juu, kagua kwanza.