Nyandarua Chini ya Mistari ya Kahawia

Ramani ya topografia ya Nyandarua iliyotengenezwa miaka ya mwisho ya ukoloni inasema mengi ambayo wachoraji wake hawakukusudia kuyasema. Walitaka mlima, mto na barabara vijulikane, ili mhandisi na askari wapate njia. Kumbe walikuwa wanatuwekea nchi yote kama ilivyokaa kabla haijagawanywa. Sijaona hati ya kumbukumbu ninayoipenda kuliko hiyo, na ninawasikitikia wanaoitazama kwa kutafuta njia tu.

Kazi ilianzia angani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Skwadroni ya 82 ya jeshi la anga la Uingereza ilipiga picha za eneo kubwa la Kenya, kila picha ikilalia sehemu ya mwenzake, kwa sababu picha mbili za mahali pamoja zikitazamwa kwa kifaa maalumu, vilima huinuka na mabonde hudidimia mbele ya macho. Wapimaji nao walipanda vileleni na vyombo vyao, na kila walipopima palitiwa pembetatu ndogo yenye tarakimu ya kimo. Kutokana na hayo ikapatikana ramani ya skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja, na karatasi moja hubeba eneo la karibu kilomita 28 kila upande.

Msomaji mzuri huanza pembeni, kwenye maandishi madogo. Mwaka wa kuchapishwa una uzito mdogo kuliko mwaka wa picha, na kati ya miaka hiyo miwili mengi huweza kupita. Buluu ya Ziwa Ol Bolossat, kwa mfano, ni maji ya msimu ule ndege ilipopita. Ziwa hilo hutanuka na kunywea kwa mvua, kwa hiyo asije mtu akaapa kwamba ukingo uliochorwa ndio mpaka wake wa kale. Kontua, ile mistari ya kahawia ya kimo, za ndani ya msitu wa Nyandarua nazo zisomwe kwa tahadhari, maana kamera iliona vilele vya miti, si udongo. Na anayechukua namba za mahali kutoka kwenye simu akaziweka moja kwa moja juu ya karatasi ya zamani atakosea kwa takriban mita 300, kwa kuwa vipimo vya zamani vilijengwa juu ya umbo jingine la dunia. Mita 300 zinatosha kukupeleka kwenye shamba la mtu mwingine kabisa.

Baada ya hapo ndipo utamu unapoanza. Majina kama Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat yaliachwa na Wamaasai, waliohamishwa kwa mapatano ya 1904 na ya 1911, ambayo wao hawakuwa na nguvu ya kuyakataa. Mifugo na watu waliondoka, majina yakabaki, na mpimaji Mwingereza akayaandika. Safu ya milima ya Nyandarua imeandikwa Aberdare, jina la Lord Aberdare, rais wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London, ambaye mpelelezi Joseph Thomson alitaka kumheshimu alipopita huku miaka ya 1880. Reli inapanda kutoka Gilgil hadi Thomson's Falls, ilikofika 1929, nasi leo mji ule tunauita Nyahururu. Tabaka tatu za watu ziko kwenye karatasi moja, na hakuna aliyezipanga.

Chukua sasa toleo la baadaye la karatasi hiyohiyo, uyaweke yote mawili kwenye kioo cha dirisha, mwanga upite. Penye nyumba moja kubwa, josho, bwawa na njia ndefu ya kuingilia, panajaa vijinyumba na barabara zilizonyooka zinazokata miteremko bila kujali kontua. Huo ni mkono wa mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulioanza 1962, mashamba ya walowezi yalipokatwakatwa na kuuziwa familia za Waafrika kwa mkopo. Bwawa aghalabu bado lipo. Josho hupatikana likiwa limemezwa na nyasi. Miti ya nyumba kubwa hudumu kuliko nyumba yenyewe: safu mbili za mikaratusi mizee zinazokwenda pasipo na lango ni dalili nzuri kuliko ukuta.

Hapo lazima uulize watu, na kuuliza kuna adabu yake. Ramani iliyokunjuliwa hutisha. Wenyeji hudhani umekuja kupima shamba la mtu. Ikunje. Msalimu mwenye boma, kaa ukikaribishwa, kisha uulize, "Cucu (bibi), zamani hapa palikuwa na nini?" Kama anaona vizuri na ana hamu, mwonyeshe baadaye.

Kwani kuna jambo ambalo ramani imelikwepa. Nyuma ya nyumba ya mlowezi, upande wa mtoni, utakuta mstari wa vistatili vidogo. Hizo ni laini, makazi ya vibarua na maskwota. Nyumba ya bwana mara nyingine ina jina. Laini haina kamwe. Maelfu ya Wakikuyu waliokaa katika makazi kama hayo walifukuzwa kuanzia mwishoni mwa 1952, baada ya hali ya hatari kutangazwa, na vistatili hivyo ni miongoni mwa alama chache za kuchapishwa zinazoonyesha walipokuwa wakipika na kulea. Wazee wanajua laini ipi iliitwaje, na mara nyingi iliitwa kwa jina la nyapara au la kijito.

Majina hayo yaandikwe. Toa nakala ya ramani, asili usiiguse, kisha chukua penseli ngumu iliyochongwa vizuri, uweke jina kando ya kila kistatili kama mzee alivyolitamka, na mgongoni mwa nakala uandike tarehe na kijiji alichokulia aliyekuambia. Wazee wawili wakitofautiana, andika majina yote mawili. Mpelekee nakala aliyekupa jina, na nyingine uiache katika shule iliyo karibu na laini hiyo.