Robert Ressler, Mpelelezi na Mwalimu

Marehemu Robert Ressler, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1937, aliyejiunga na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, mwaka 1970 baada ya utumishi wa jeshini, na akastaafu mwaka 1990, anastahiki shukrani kwa umahiri wake, na zaidi kwa kutoifanyia ilimu yake uchoyo. Yeye na John Douglas, aliyekuwa mdogo wake kazini, walikuwa wakisafiri kuwafundisha polisi wa miji mbalimbali, na katika safari hizo hizo, hata kabla ya kupewa idhini na wakubwa, wakaanza kuingia magerezani na kuketi na wauaji, ambao hatimaye walitimia 36, wakiwahoji kwa subira ili wafahamu ni fikira gani zilizowatangulia katika jinai zao. Kazi hiyo, kwa rai yangu, yataka moyo thabiti kuliko kushika bunduki. Bibi Ann Burgess, bingwa wa uuguzi, ndiye aliyeyatia majibu yao katika nidhamu ya utafiti. Na ulipoanzishwa mpango wa FBI uitwao ViCAP, mwaka 1985, ili askari wa jimbo moja apate habari za mauaji yaliyotendeka katika jimbo jingine, Ressler ndiye aliyekabidhiwa kuwa msimamizi wake wa kwanza.