Giaboksi ya Gari Linaloelea: Kuitambua Kazi ya Fundi

Siku hizi kazi ya kubadilisha oili ya giaboksi inasifiwa kwa macho tu. Mtu anaoneshwa oili nyekundu ikiteremka kwenye mpira safi, sakafu inang'aa, kazi imekwisha ndani ya nusu saa, na watazamaji wanashangilia. Kwa gari la mjini tunaweza kunyamaza. Kwa gari dogo la magurudumu sita au manane linaloingia ziwani na kutoka, mfano wa Argo zinazoundwa New Hamburg, Ontario, tangu 1967, sifa hizo ni upuuzi mtupu. Oili yoyote inapendeza siku inapotiwa. Anayetaka kujua kama kazi imefanyika aitazame iliyotoka, kisha atafute mahali maji yalipopata njia ya kuingia.

Gari la aina hii halina chasisi iliyo wazi kwa chini. Injini, mkanda, giaboksi na cheni zinazozungusha ekseli vyote vimekaa ndani ya bodi lililozibwa ili lielee. Matairi ya mbele hayakati kona. Gari hugeuka kwa upande mmoja kupunguziwa mwendo, na mzigo huo unaiangukia giaboksi. Ndiyo maana oili yake inachoka upesi, na ndiyo maana kuimwaga ni adha. Ukilegeza boliti ya kumwagia, chini yake hakuna ardhi, kuna sakafu ya bodi, na nafasi ya kuingiza karai haipo. Fundi wa kweli huvuta oili kwa pampu ya mkono kwanza, akafunga mpira kwenye tundu la chini, akatandika matambara kwa masazo. Mbabaishaji huiacha ijimwagie, akachomoa vizibo vya bodi na kusuuza. Pitisha kitambaa cheupe, narudia, cheupe, chini ya giaboksi na kuelekea nyuma. Kikitoka na mafuta, kazi imefeli hata kama ndani ya boksi kila kitu ni sahihi, maana siku pampu ya kutoa maji itakapowashwa, mafuta hayo yatatapikwa ziwani.

Mengine yanajulikana: gari litembezwe kwanza oili ipate moto, na boliti ya kujazia ifunguliwe kabla ya ya kumwagia, usije ukabaki na boksi tupu lisilojazika. Sumaku iliyo kwenye boliti ya kumwagia ikitoka na tope laini la kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ikitoka na vipande vinavyochoma kidole, kuna jino la gia au beringi inayokufa. Hapa ndipo wajanja wanapojificha. Yupo anayeifuta sumaku kabla mwenye gari hajafika. Yupo anayenyonya nusu kupitia tundu la kijiti cha kupimia, akajazia mpya juu ya kuukuu, na rangi ikang'aa vya kutosha kulipwa. Mafundi wa zamani walikuwa na utaratibu mwingine: oili ya zamani waliiweka kwenye chupa ya kioo ilale usiku kucha, maji yashuke chini yaonekane. Wasiotaka kungoja walidondosha tone moja juu ya bati la moto. Oili kavu hutulia na kutoa moshi. Yenye maji hutatarika.

Ikishatatarika, au ikitoka rangi ya chai ya maziwa, mwanafunzi hukimbilia sili. Anabadilisha sili zote, anajaza oili, na msimu unaofuata maziwa yamerudi. Alichokiruka ni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya giaboksi, chembamba kuliko penseli, ambacho hakuna anayekipiga picha. Boksi likipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Likipoa, hewa hunywea na boksi huvuta. Hewa ya nyuzi 80 ikipoa hadi nyuzi 10 hupungua takribani moja ya tano ya ujazo wake, na pengo hilo lazima lijazwe na chochote kilicho karibu na tundu. Kikiwa ni hewa kavu, hakuna neno. Kikiwa ni maji yaliyotuama ndani ya bodi, giaboksi inayanywa. Tundu likizibwa na tope, mvuto unahamia kwenye midomo ya sili, ambayo ilitengenezwa kuzuia oili isitoke zaidi kuliko kuzuia maji yasiingie. Adui mkubwa kabisa ni usafi wenyewe: gari limetoka kazini, boksi lingali moto, na mtu anamwaga maji baridi ya presha ndani ya bodi ili lipendeze. Huku kwetu kosa hili lina ndugu yake. Land Cruiser inafungwa snorkeli ndefu hadi juu ya paa, huku difu ikiachwa ipumulie karibu na usawa wa ekseli, mahali inapoweza kuvuta maji.

Watu hujibu kwamba ukibadilisha oili mara kwa mara, maji kidogo hayana madhara. Yana madhara, kwa sababu kutu haingoji ratiba yako. Inakula beringi wiki zile gari limeegeshwa. Wengine hutegemea oili ya bei ghali. Ghali au rahisi, ikichanganyika na maji haifanyi tena kazi uliyoilipia. Zaidi ya hayo, kwenye Max, magari ya aina hii yaliyoundwa Buffalo, New York, yenye giaboksi ya T-20 na mikono miwili ya kuvuta ili kugeuka, ndani mna mikanda inayopaswa kukamata, na oili yenye utelezi usiotakiwa huifanya iteleze. Itiwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, basi. Mikono ile miwili, kwa kweli, ilifundisha adabu: aliyeiburuza bila sababu alijulikana kwa harufu ya kuungua siku oili inamwagwa.

Silikoni iliyofurika pembeni ya mfuniko ni alama ya mtu asiyeamini mikono yake. Washa ya boliti iwe mpya, hakuna mjadala. Na mpira wa kupumulia upandishwe hadi chini ya usukani, mdomo ukitazama chini, bila kona kali.

Unapokwenda kuchukua gari lako, usiulize wametia oili gani. Omba uione sumaku kabla haijafutwa, uione chupa ya oili ya zamani, na uoneshwe mpira wa kupumulia unapoishia. Fundi asiyeweza kukuonesha hayo matatu, mlipe bei ya oili tu.