Kukata kwa Saba

Matatu ndiyo karata ya Uganda nzima (msomaji wa Nairobi asiwaze gari), lakini kwa subira ya kuicheza nawapa tuzo watu wa Arua na Koboko. Barabara yao ya kilomita 92, kutoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, imejaa watu wanaongoja. Dereva wa lori anangoja karatasi za forodha, bodaboda anangoja abiria, fundi simu anangoja umeme urudi. Zamani walichezea karata zilizochakaa ncha hadi ukaitambua ree kwa mgongo wake. Kisha Kola Studios, kampuni ya Kampala, ikautia mchezo kwenye simu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na karata zisizochakaa zikaingia mifukoni.

Kanuni zake mtoto anazijua. Kila mmoja anapewa karata saba. Unatupa inayofanana na iliyo juu, kwa ua au kwa namba; ukikosa, unaokota. Mbili humwokotesha mwenzako mbili. Nane na ghulamu humruka, kwa hiyo mkiwa wawili zamu inakurudia. Ree hutupwa juu ya ua lolote na hukupa haki ya kuagiza ua unalotaka. Anayemaliza karata ameshinda. Vijiwe vingine vinaongeza zao, na ugomvi wa kanuni ni sehemu ya burudani.

Utamu uko kwenye saba. Mwanzoni karata moja hufunuliwa, na saba ya ua hilo hupewa mamlaka ya kukata: ikitupwa, mchezo unakoma palepale, kila mtu anafunua mkono na pointi zinahesabiwa. Mwenye chache ndiye mshindi. Mfalme ni 13, malkia 12, ghulamu 11, ree 15, mbili 20, na ree ya shupaza peke yake ni 60. Tatu ni tatu tu. Hapo ndipo mkono wa kimaskini unapopata heshima yake, maana wafalme waliokujia kwa bahati wanageuka deni mikononi mwako.

Katika michezo mingi ya karata ya kompyuta mambo ni kinyume. Hearthstone, iliyotolewa na Blizzard mwaka 2014, inakutaka ujipangie karata 30 kutoka kwenye hazina yako, na adimu hupatikana kwa kucheza sana au kwa kutoa pesa. Ndiyo maana wachezaji wake wanajivunia kupanga karata za bei rahisi zinazowaangusha wenye fedha. Kwenye matatu kila mtu anachota kutoka rundo lile lile la karata 52, awe na simu ya laki mbili au ya milioni tatu. Ubahili hapa unafanywa na akili.

Mtazame fundi mmoja wa simu wa Koboko, kidole kikielea juu ya kioo. Ua la kukatia ni uru. Mkononi amebakiwa na nne: tatu ya kopa, nne ya shupaza, ree ya pau, na saba ya uru yenyewe. Mpinzani ana tano, na ametoka kutupa tano ya uru. Njia ya kukata iko wazi. Kijana aliyeinama begani kwake anahema: "Kata, kaka!" Fundi hakati. Akikata sasa atabaki na 22, na mwenye karata tano ndogondogo anaweza kuwa na 17. Anatupa ree na kuagiza uru tena. Mpinzani akiwa na uru ya kawaida, ataitupa na kubaki na nne. Akikosa, ataokota na kuongeza mzigo. Zamu ikirudi, fundi anakata akiwa na pointi saba tu, na hakuna mkono wa karata nne uwezao kushuka hapo, kwa kuwa hakuna karata iliyo chini ya pointi tatu. Hatari ipo: ree nyingine inaweza kubadili ua, mbili ya uru inaweza kumwokotesha, ghulamu wa uru anaweza kumruka. Ameshazipima, kwa sababu tangu mwanzo alikuwa anakumbuka ree ngapi zimepita.

Kumbukumbu hiyo ndiyo ninayoistahi kuliko werevu wote. Mpinzani akiagizwa pau akaokota, amekiri hana pau, na fundi hasahau. Mezani kuna macho, kikohozi na matani ya Kiswahili kilichochanganywa na Kilugbara au Kilingala vya kukuvuruga. Ukicheza kwenye simu na mtu wa mbali, yote hayo yameondolewa, zimebaki karata na muda anaouchukua mtu kabla ya kutupa. Wanaodai simu imeua mchezo hawajamwona bingwa akiusoma ukimya huo. Anayechelewa baada ya kuagizwa ua mara nyingi ana karata mbili za ua hilo na anachagua. Asiye nayo huokota upesi.

Wewe unayeanza, cheza kwanza na mashine, haikucheki. Hesabu pointi zako kila zamu, hata kabla ya kuiona saba. Mfalme mtupe mapema ua lake likipita. Ukishazoea, nenda ukae na madereva wa Oraba, na usiwekee dau hata soda moja katika wiki yako ya kwanza.